Mgongo wa Saa

Kule Temeke, mwaka ule watoto wa shule walipogawiwa vikombe vyenye picha ya Malkia, saa ya mtaa haikuwa msikitini wala barazani kwa jumbe. Ilikuwa nyumbani kwa Mwinjuma, fundi baiskeli, imepachikwa kwenye ukuta wa udongo uliotazama njia. Uso wake ulikuwa nje, barazani, kwa ajili ya kila apitaye. Mgongo wake, na vikorokoro vyote vilivyoifanya iende, ulikuwa ndani, kwenye chumba alicholala Mwinjuma na mkewe Chausiku. Nani aliwahi kuona saa ya namna hiyo? Hata Mwinjuma mwenyewe hakuwahi kuiona mpaka alipoitengeneza.

Uso ulikuwa sinia la bati, lile kubwa la kulia pilau, lililotoboka katikati likawa halifai tena kwa karamu. Mshale ulikuwa mmoja tu, wa chuma, mrefu kama mwiko wa ugali wa msibani. Dakika, alisema Mwinjuma, ni za watu wa treni. Tarakimu alizichora kwa rangi nyeusi ya baiskeli, na alizipanga kwa akili yake. Saa za madukani, mwajua wenyewe, mtu anatazama saba anasema saa moja. Jambo hilo lilimuudhi Mwinjuma kupita kiasi. "Nitazame saba niseme moja? Mie muongo?" Basi kwenye sinia lake moja ilikuwa moja, na sita ilikuwa sita, pale chini kabisa, jua likiwa utosini.

Huko ndani sasa, ndiko kwenye mambo. Magurudumu ya meno ya baiskeli, mnyororo wa baiskeli, na debe la mafuta ya taa lililojazwa mchanga. Kila asubuhi debe lilipandishwa mpaka karibu na dari, nalo likashuka taratibu mchana kutwa na usiku kucha. Jiwe jeupe la Pugu lilifungwa kwenye ufito, likawa linakwenda na kurudi, tku, tku, tku. Na lilikuwepo gurudumu moja la mninga ambalo chuma chake kilipenya ukuta kwenda kuushika mshale kule nje. Kwenye gurudumu hilo Mwinjuma alichonga mapengo kumi na mawili yenye alama za kupapasa, na kando yake akapigilia msumari wa kuonyesha pengo la saa ile, ili akishtuka gizani ajue saa kwa kidole bila kuwasha koroboi.

Hawakujaliwa mtoto, Chausiku na mumewe. Ile tku tku ndiyo iliyokuwa mwenzao wa tatu chumbani. Wakigombana ilizungumza peke yake, wakipatana ilizungumza pamoja nao. Chausiku hakuwahi kuigusa. Kwake saa ilikuwa kazi ya Mwinjuma, na kusikiliza ilikuwa kazi yake yeye.

Halafu Mwinjuma akashikwa na kifua, akalala siku chache, akafa.

Jeneza lilitoka kwa shida. Mlango mwembamba, wabebaji wengi, kila mmoja anataka bega lake liguse. Chausiku, kati ya wanawake, alisikia kishindo huko barazani, kitu kimegonga bati, kisha tahlili ikaondoka na kufifia kuelekea makaburini. Hakukitilia maanani kishindo kile. Nani angekitilia maanani siku hiyo?

Somo yake, kungwi aliyemfunda zamani, alimsomea masharti ya eda kana kwamba alikuwa mwali: miezi minne na siku kumi, nguo nyeupe, hakuna wanja, hakuna manukato, hakuna kuonana na mwanamume asiye maharimu. Uani ruhusa. Barazani, asahau. Kwa hiyo Chausiku akabaki na nyumba yake yote, isipokuwa ule upande wenye uso wa saa.

Baada ya hitima, mdogo wake marehemu, Hija, alikuja akasimama ujiani, nje ya pazia. Hija alikuwa na hoteli ya chai Chang'ombe, mtu mfupi mwenye sauti kubwa, na siku hiyo sauti ilikuwa imemkauka.

"Shemeji," alisema, "saa hii ni ya kaka. Maadamu inakwenda, ibaki hapa, mie sina neno. Lakini ikisimama nitaibomoa nikaiweke hotelini kwangu. Saa iliyokufa ukutani mwa mjane haipendezi. Watu watasema tumekususa."

Kisheria alikuwa na haki. Marehemu hana mtoto, fungu la mke linajulikana, na ndugu naye ana lake kubwa. Chausiku alikaa mkekani, macho kwenye jiwe la Pugu linalokwenda na kurudi. Ile sauti ikitolewa ukutani, chumba kile kitakuwa kaburi la pili. Akaapa kimoyomoyo: haitasimama. Wallahi haitasimama.

Siku zile za matanga somo yake ndiye aliyepandisha debe; kesho yake Chausiku alilipandisha mwenyewe kwa mara ya kwanza maishani mwake. Mnyororo ulimchuna viganja, akalia kidogo, akaendelea. Kisha akalishika gurudumu la mninga alisogeze panapostahili. Likazunguka kwa wepesi uliomshangaza. Siku zote alimwona Mwinjuma akikaza meno kulisogeza. Akadhani ni mafuta.

Kutoka barazani sauti ya Hija ikapasuka: "Saa moja na nusu hii, jamani! Bado inakwenda!"

Chausiku alipapasa mapengo. Moja na nusu. Akashusha pumzi, kisha akakasirika. Kumbe huyu bwana amehamia! Ameiacha hoteli yake kwa mkewe, amekuja kukaa kwenye baraza la watu kuingoja saa ife, kama kunguru juu ya paa la mchinjaji. Na hana hata haya ya kungoja kimya kimya.

Tangu siku hiyo ikawa ndio mtindo. Saa tatu, Hija huyo. Saa nne, Hija huyo. "Saa nane hii, jamani! Bado inakwenda!" Chausiku aliichukia ile "bado" kuliko neno lolote alilowahi kusikia. Hata hivyo aliihitaji, na hilo lilimuudhi zaidi. Mvua ikinyesha mninga hunywa unyevu, saa ikachelewa. Jua likichoma, ikawahi. Yeye uso haoni. Basi alikuwa anasubiri kelele za adui yake, anasogeza gurudumu nusu pengo kushoto au kulia, anarudi mkekani.

Siku zikaanza kuingiana. Mwenye eda hana Jumatatu. Aliamka, akaswali, akapandisha debe, akaswali, akalala kidogo, akaamka asijue kama ni leo au ni jana imerudi. Ile tku tku ilikuwa inambeba. Kuna nyakati aliisikia ikitoka ndani kabisa ya udongo wa ukuta, nyayo za mtu anayetembea polepole asifike. Upepo ukivuma, kulikuwa na sauti nyingine pia, mpya, kutoka upande wa nje: ngo, ngo, chuma kikigonga bati kwa upole. Mtu anabisha hodi asiyetaka kuamsha watu. Chausiku alikaa kitako mkekani, akanong'ona, "Karibu, Mwinjuma." Hakuogopa hata chembe. Alichoogopa ni upepo kutulia.

Kisha yakaja yale maajabu ya ukutani.

Alikuwa amejilaza baada ya alasiri, dirisha limefungwa, chumba giza. Palipopita kile chuma cha saa palikuwa na upenyo mdogo wa mwanga. Hakukumbuka kama zamani ulikuwepo. Mwanga ule ulivuka chumba ukaangukia shuka lake jeupe alilolianika kwenye kamba, na ndani ya ule mwanga kulikuwa na watu. Watu wadogo, wa rangi, wanatembea vichwa chini miguu juu. Mnazi wa jirani ulining'inia na makuti yake. Mbuzi akapita chali. Mwanamke mwenye ndoo akapita, ndoo iko chini yake na maji hayamwagiki.

Chausiku akajitazama mikono, akajitazama miguu, akatazama tena shuka. Ilikuwa njia yao ileile, mbele ya nyumba yake mwenyewe, imegeuzwa kama chungu kilichoinamishwa kikauke. Alitazama mpaka jua likazama na watu wote wakayeyuka. Hakumwambia mtu. Angemwambia nini somo yake? Tena lilikuwepo na swali la sheria: mjane akiona wanaume walio vichwa chini, eda yake imeharibika au haikuharibika? Aliamua kuwa haikuharibika, kwa sababu alitaka kuona tena kesho.

Kesho yake aliona tena, na kesho kutwa pia. Ndipo akamwona Hija. Ni yeye, ule ufupi na ile kofia. Alitoka barazani akasimama katikati ya njia, kichwa chini, akainua mkono karibu na uso, akatazama, kisha mdomo ukafunguka na papo hapo sauti ikaja kupitia ukuta: "Saa kumi hii, jamani! Bado inakwenda!" Chausiku alisonya. Anakinga jua kwa mkono, mbaya yule, ili aione saa vizuri asije akapitwa na kufa kwake. Lakini kadiri siku zilivyokwenda, hakuweza kumchukia mtu mdogo vile, anayening'inia kutoka ardhini kama popo. Alianza kumngoja. Alikasirika na nafsi yake kwa hilo pia.

Mtu aliyemletea habari za duniani alikuwa Auleria, jirani, mke wa karani Kamugisha, watu wa Bukoba. Auleria alikuja kila siku na ndizi zake, akamenya uani, akazungumza. Alikuwa mwanamke mnyoofu, uongo haukumkaa mdomoni.

"Auleria," Chausiku alimwuliza siku moja, "hebu niambie. Saa yetu inaonekanaje huko nje?"

Kisu cha Auleria kikasimama kwenye ndizi. "Iko palepale."

"Najua iko palepale, kwani ina miguu? Nauliza inakwendaje."

"Watu wanaitazama, dada."

"Auleria!"

"Jamani dada Chausiku, mie nimekuja kumenya ndizi! Mambo ya mitambo muulize shemeji yako." Akapiga ishara ya msalaba haraka haraka, kwa mkono wenye kisu. Kisha, kubadilisha maneno, akalalamika kuwa mumewe amechelewa ofisini tena, bosi wake amemfokea mbele za watu.

"Kamugisha? Si ana saa ya mkono yule? Mtaa mzima si wanaijua ile saa?"

"Iko kwa fundi," alisema Auleria, akapiga msalaba mwingine. Chausiku akafikiri labda kwao ndivyo wanavyomenya ndizi.

Mvua za vuli zilileta homa. Ilimpata Chausiku alfajiri, ikamtupa mkekani kabla hajagusa mnyororo. Alitaka kuamka apandishe debe, na akili yake ikaamka, ikapandisha debe, ikarudi ikamwambia tayari. Mwili haukuwa umesogea. Alielea. Watu wa ukutani walitoka kwenye shuka wakamzunguka vichwa chini, kila mmoja na ndoo yake, na Mwinjuma katikati yao anauliza, nani amenyamazisha? Nani amenyamazisha?

Kwa mbali sana mtu alikuwa anapiga kelele. "Saa nane hii, jamani!" Kimya. "Saa nane hii!" Kimya. Sauti ikapanda, ikapasuka: "Saa nane! Saa nane, jamani! Shemeji, saa nane!"

Chausiku alifungua macho. Jasho lilikuwa limemtoka tepetepe, na chumba kilikuwa kimya. Kimya kile kilimtisha kuliko homa. Debe limekaa sakafuni, jiwe la Pugu limening'inia halina habari. Saa imesimama! Alijikokota, akashika mnyororo kwa uzito wote wa mwili wake, debe likapanda kidogo kidogo. Akalisukuma jiwe. Tku, tku. Akazungusha gurudumu mpaka pengo la nane, akaanguka palepale chini yake. Ndipo Auleria alipoingia mbio bila hodi, hana kitambaa kichwani, macho yamemtoka.

"Uko hai! Mama wee, uko hai!" Akamkumbatia akalia, akatoka mlangoni akampungia mtu mkono huko nje, akarudi kumpikia uji.

Siku zilizofuata, homa ikiwa imepungua, Chausiku alilitafakari jambo lile. Saa ilikuwa imesimama, huenda tangu asubuhi. Sasa Hija aliisoma wapi hiyo saa nane? Aligeuza hivi, akageuza vile. Mwisho akaamua kuwa Hija ni mvivu tu, hatazami, anapiga kelele kwa mazoea, na kwa uvivu wake Mungu amemnusuru. Akamshukuru Mungu. Hija hakumshukuru.

Eda ikaisha.

Somo yake alimwogesha asubuhi, akampaka mafuta, akampa kanga mpya na wanja. Auleria alisimama mlangoni anapindapinda ncha ya kitambaa chake. "Dada," alisema, "ukitoka, usiwe na haraka ya kutazama juu."

"Kuna nini juu?"

"Hakuna kitu," alisema Auleria, na safari hii hata msalaba hakupiga.

Chausiku akavuka kizingiti. Mwanga ulimchoma macho. Watu walikuwa wamesimama wima, vichwa viko juu, na kwa kitambo hilo lilimshangaza. Wazee wawili barazani, muuza kahawa na dele lake, na Hija pembeni, mkono mmoja ameuficha nyuma. Akawapa shikamoo wazee. Wakaitikia wote kwa pamoja, haraka mno. Kisha akageuka akatazama juu.

Sinia lilikuwa na mbonyeo ubavuni. Mshale ulikuwa umelegea kabisa, umening'inia wima kuelekea chini, na upepo ukiupuliza ulitikisika ukagonga bati: ngo, ngo. Ulikuwa umechora tao la kutu kwenye rangi kwa kutikisika huko. Ulionyesha saa sita. Ilikuwa asubuhi, jua bado liko upande wa baharini, na saa ya Mwinjuma inaonyesha saa sita.

"Tangu lini?" aliuliza Chausiku.

Muuza kahawa akaacha kugonga vikombe. Auleria ndiye aliyejibu, maana asingeweza tena kuficha. "Tangu jeneza lilipotoka, dada. Kona yake iliugonga mshale, kigingi kinachoushika kikakatika."

"Na nyie mlijua."

"Mtaa mzima."

"Mtaa mzima mkakaa hapa mnanicheka? Mie ndani nachunwa mikono na mnyororo, nasukuma gurudumu na homa yangu, kumbe naendesha nini? Naendesha nini?" Sauti ilimpanda. Akamgeukia Hija. "Na wewe! Saa tatu, saa nne, bado inakwenda! Ulikuwa unasoma wapi?"

Auleria akaushika mkono wa Hija, ule aliouficha nyuma, akauvuta mbele. Kwenye kifundo, chini ya mkono wa kanzu, ilikuwepo saa ya Kamugisha. Chausiku akamwona tena yule mtu mdogo anayening'inia katikati ya njia, ameinua mkono karibu na uso. Hakuwa anakinga jua.

Chausiku akauegemea ukuta. Lakini alikuwa mwanamke wa kutimiza neno, hata neno lililosemwa na mwingine.

"Shemeji," alisema polepole, "ulisema ikisimama ni yako. Imesimama tangu siku ya kwanza. Haki yako hiyo. Ichukue." Na machozi yakamtoka, maana hakutaka achukue.

"Imesimama wapi?" Hija akafoka. Kweli alifoka, uso umemwiva. "Mie nimekaa hapa eda nzima, mgongo kwenye ukuta huu. Naisikia mgongoni asubuhi mpaka magharibi. Ilinyamaza siku moja tu, nikaita, nikaita, nikajua sasa na shemeji naye tumempoteza. Nikamtuma huyu mama akimbie. Zaidi ya hapo, nani ameiona ikisimama? Wewe mzee umeiona?"

"Mie macho yangu mabovu," alisema mzee wa kwanza.

"Mie sijui kusoma," alisema wa pili.

Hija akatia mkono mfukoni akatoa kigingi cha mninga, kifupi, kimeng'aa kwa kushikwashikwa. "Nilikichonga wiki ileile. Lakini kukipiga lazima mtu akishike kile chuma kwa ndani kisirudi nyuma. Humo ndani ni chumba cha mwenye eda. Nimwingize nani mie?"

"Ungeniambia. Ningeshika mie."

"Nikuambie nini? Kwamba saa imekufa, na mie mwenyewe ndiye niliyebwata kwamba ikifa naichukua? Ulimi wangu ulitangulia, shemeji. Nilikuwa na uchungu wa kaka, nikasema kama mjinga. Kesho yake nikauona mshale unaning'inia." Akakigeuzageuza kigingi. "Nikaona bora nikae hapa, niwe mshale mwenyewe."

Muuza kahawa akammiminia Chausiku kikombe, akakataa kulipwa hata kabla ya kupewa.

Chausiku alifuta uso kwa ncha ya kanga mpya. "Leta nyundo," alisema.

"Sasa hivi?"

"Ngoja kwanza." Akaingia ndani, akalipapasa gurudumu, na sauti yake ikatoka kupitia ukuta, watu wote wakaisikia. "Humu mie nina saa tatu na nusu. Huko nyie mna saa ngapi?"

Hija akatazama sinia, akasahau kutazama mkono. "Huku sie tuna saa sita, shemeji. Tangu kaka aondoke."

"Basi nitawafuata. Mnisubiri nifike."

Wakasubiri. Hakuna aliyekwenda kazini. Kahawa ilikwisha ikapikwa nyingine, Auleria akaleta ndizi, somo akaleta mkeka wake akakaa na wanawake upande wa pili wa mlango. Ndani, Chausiku alikaa chini ya gurudumu na kidole chake kwenye mapengo, akiyasikia yakipita. Kwenye shuka jeupe watu wadogo walikuwa hafifu, jua bado halijageuka, lakini aliwaona. Walikuwa wamekaa, hawaendi popote, vichwa chini, wanamngoja yeye.

Pengo la sita lilipofika kwenye msumari, akakishika chuma kwa mikono miwili, akaegemeza kifua chake.

"Sita!" akaita.

"Bismillahi," akajibu Hija, na nyundo ikagonga mara tatu. Chausiku aliyapokea mapigo yale kifuani. Kigingi kikakaza. Mara ule upenyo wa mwanga ukazibwa na chuma, chumba kikaingia giza, na watu wa ukutani wakatoweka wote kwa pamoja. Gurudumu likawa zito mikononi mwake, zito kama zamani, kama siku zile alipokuwa akimwona Mwinjuma akikaza meno. Alilisikia likiuburuza mshale kule nje, kidogo kidogo, kuuondoa kwenye sita.

Watu wakashangilia. Kisha wakatulia wakawa wanatazama, na kweli ilikuwa inakwenda, hakukuwa na haja tena ya kumwambia mtu chochote. Hija akaivua saa ya Kamugisha akampa Auleria. Akafunga vitu vyake.

Chausiku alikaa gizani. Tku, tku, tku. Ndiyo sauti ile aliyoililia eda nzima, sasa ni yake. Akasikiliza. Upepo ukavuma, na hakuna aliyebisha hodi. Akapapasa gurudumu, akajua saa. Akangoja, bila kujua anangoja nini, mpaka akajua.

"Shemeji!" akaita kupitia ukuta.

Nyayo zilizokuwa zinaondoka zikasimama. "Naam, shemeji."

"Mie humu ndani sioni. Saa ngapi huko?"

Alimsikia akirudi, akisimama pale katikati ya njia anapojua yeye, akikohoa kusafisha koo, na alipopiga kelele ilikuwa sauti ileile ya kila siku, imekatika katikati.

"Saa saba hii, jamani! Bado inakwenda!"